Upana wa Boriti

Katika Lamu ya karne ya 18, mwenye nyumba hakuamua peke yake kitanda kikae wapi. Mkoko ulikuwa umeshaamua. Dari za nyumba za mawe zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti, kwa uzito wa mawe na chokaa iliyolala juu yake, haikuvuka upana wa mita 3 hivi. Chumba kikawa kama ujia: kukirefusha unaweza, kukipanua huwezi.

Waungwana wakapanga vyombo vyao kwa kipimo hicho. Kitanda kiliwekwa kwenye ncha ya msana, ule ukumbi mrefu unaotazama ua. Pazia likishushwa, pana chumba cha kulala bila kujenga ukuta. Makabati ya nini? Kwenye kuta nene za mawe ya matumbawe walitengeneza zidaka, wakapanga humo bakuli na sahani za Kichina. Katikati palibaki mkeka, unaotandikwa na kukunjwa kwa haja ya saa ile. Mgeni wa kiume mara nyingi aliishia dakani, kwenye baraza za mawe zisizosogezwa.

Leo tunausifu ustadi huo, na unastahili. Lakini tushuke pia ghorofa ya chini, walikoishi watumwa pamoja na bidhaa za ghala. Kuta za huko hazikupambwa. Boriti ziliwabana wote, bwana na mtumwa. Nafasi ya kupanga maisha chini ya boriti hizo ndiyo iliyokuwa ya wachache.