Mikono Inayoponda Dhahabu ya Kakamega

Ukikaribia machimbo ya Rosterman, nje kidogo ya mji wa Kakamega, nyundo husikika kabla hujamwona mtu. Akina mama wameketi chini, kila mmoja na rundo lake la mawe yaliyopandishwa kutoka shimoni, wakiyaponda yawe kokoto. Hulipwa kwa kadiri ya kilichopondwa, kwa hiyo mkono haupati nafasi ya kupoa. Jioni kifundo kinawaka moto, usiku vidole vinakufa ganzi.

Maumivu haya wengi wetu tumezoea kuyaita maradhi ya kompyuta. Ni ya zamani kuliko kalamu. Mifupa ya wanawake iliyofukuliwa Abu Hureyra, Syria, ina alama za saa nyingi za kupiga magoti na kusaga nafaka kwenye jiwe, maelfu ya miaka iliyopita. Mwaka 1713 daktari Mwitalia Bernardino Ramazzini alieleza jinsi makarani walivyochoka mkono hadi ukakataa kuandika, kwa sababu ya mwendo uleule, siku nzima, bila kukoma.

Huku kwetu jiwe la kusagia lilikuwa kazi ya kila siku. Wimbi na mtama vilisagwa kwa mikono, baadaye mahindi pia, na aliyesaga alikuwa mama au binti yake. Wamisionari wa Quaker walifika Kaimosi mwaka 1902, na miongo iliyofuata vinu vya maji vikaenea kwenye mito ya eneo hili. Kuenea huko husimuliwa kama habari za biashara ya unga. Kwangu mimi vinu hivyo vilikuwa pia nafuu kubwa ya mikono, ingawa hakuna aliyevijenga kwa nia hiyo.

Kisha ikaja dhahabu. Mwaka 1931 L. A. Johnson, mlowezi kutoka Marekani, aliigundua, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikabadili sheria ya ardhi ya Waafrika, iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu, ili wachimbaji waingie. Dhuluma hiyo ya ardhi imeandikwa sana. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini dhahabu haikwisha, na wenyeji wameendelea kuichimba kwa sururu na nyundo.

Jambo linaloniuma ni hili. Uingereza, iliyotawala Kakamega dhahabu hiyo ilipogunduliwa, ilikuwa imekubali tangu 1908 kwamba mkono wa karani wa simu za maandishi ukikakamaa kwa kazi, anastahili fidia. Kenya nayo ina sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia au kuugua kazini. Ila sheria hiyo humtafuta mwajiri, na mama anayeponda mawe ya mtu leo na ya mwingine kesho hana mwajiri wa kumtaja. Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwapa njia ya kupata vibali. Kibali hakilipi kifundo kilichoharibika.

Mpaka hapo patakaporekebishwa, kuna yanayosaidia. Nyundo nyepesi yenye mpini mnene, uliozungushiwa mpira wa tairi kuukuu, hupunguza mtikisiko unaopanda mkononi. Kubadilishana kazi, huyu aponde na yule achekeche, huzipa kano muda wa kutulia. Usiku, bandeji yenye kibao huzuia kifundo kisikunjike na kuubana mshipa wa fahamu unaopita katikati yake.

Ganzi ikidumu kwenye dole gumba na vidole viwili vinavyolifuata, mama aende hospitali mapema, asingoje msimu wa kazi uishe. Msuli wa chini ya dole gumba ukishanyauka, hata upasuaji huenda usiurudishe.