Hela, vocha, namba ya siri: Maneno ya simu yalifikaje Tabora?

Kwenye kibanda cha wakala mjini Tabora, mteja anataka kutoa hela. Anauliza makato, anabonyeza namba ya siri, anasubiri meseji. Dakika mbili ameshamaliza.

Ndani ya dakika hizo ametumia maneno yenye asili ya Kiarabu, Kijerumani, Kiingereza na Kibantu, kwenye kifaa chenye jina la Kiajemi. Hakuna lililomkwaza.

Simu nyingi zilifika zikiwa na maneno ya Kiingereza. Kiswahili kiliyageuzaje? Jibu zuri linapatikana kwenye njia ya zamani ya misafara, ile ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji.

Njia ya mizigo na maneno

Karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda pwani na kurudi. Walibeba pembe za ndovu, nguo na shanga. Kiswahili nacho kilipanda bara kwa njia hiyohiyo.

Habari zilitembea kwa miguu. Mfuko wa barua za David Livingstone wenye tarehe ya 1 Novemba 1870 ulikwama Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Henry Stanley ndiye aliyeufikisha Ujiji, mwaka 1871. Leo meseji ya Tabora kwenda Ujiji ni sekunde tu, mtandao usiposumbua.

Simu maana yake waya

Neno simu limetokana na Kiajemi, sim, yaani waya. Mwanzoni lilitumika kwa telegrafu. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalipa neno hilo maana zote: telegrafu, telegramu na telefoni.

Baadaye watu wakaanza kutofautisha. Kukawa na simu ya maandishi, simu ya mdomo na ile simu ya kukoroga ya ofisini. Redio ya mawasiliano ya polisi na hospitali ikaitwa simu ya upepo, kwa kuwa haikuwa na waya.

Kifaa cha mfukoni nacho hakina waya, ila jina limebaki. Tanzania inaitwa simu ya mkononi au ya kiganjani. Vyombo vya habari vya Kenya vinapenda simu ya rununu. Wanaozungumza Kireno nao wako hivyohivyo: Ureno wanasema telemóvel, Brazil wanasema celular. Lugha moja, kifaa kimoja, majina mawili.

Hela imepita Tabora

Neno pesa lilitoka India, paisa, likaingia kupitia biashara ya pwani. Hela ni mtoto wa Mjerumani. Mwaka 1904 utawala wa Kijerumani uliigawa rupia katika heller 100, badala ya pesa 64 za awali. Midomoni mwa watu heller ikawa hela.

Mwaka 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, sarafu ziliadimika. Wajerumani wakaanza kuzitengeneza Tabora kwenyewe, kwenye karakana ya reli: za heller 5 na heller 20, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Zilipigwa alama ya herufi T. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

Heller ikafa, hela ikabaki. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hakuna aliyehitaji kufundishwa maana ya "nitumie hela".

Maneno ya kazi za zamani

Tazama maneno haya unayoyatumia kila siku:

• Kifurushi: furushi ni mzigo uliofungwa, mara nyingi kwenye nguo. Sasa ni dakika, meseji na MB zilizofungwa pamoja. Mtaani ni bando.

• Kupakia na kupakua: zilikuwa kazi za mizigo na vyombo vya majini. Kupakua ni pia kutoa chakula chunguni. Sasa unapakia picha na kupakua programu.

• Wakala: neno la Kiarabu la mtu anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine. Sasa ni yule anayekuwekea na kukutolea hela.

• Salio: kile kilichosalia.

• Mtandao: kitu kilichotanda.

• Kukwangua vocha: kama unavyokwangua ukoko wa sufuria. Vocha yenyewe ni Kiingereza.

• Laini: Kiingereza pia. Hata usajili wa alama za vidole ulioanza mwaka 2019, kwa watu wengi, ulikuwa "kusajili laini".

• Kubipu: kupiga na kukata kabla hajapokea, ili yeye ndiye akupigie.

• Kitochi: simu ndogo ya vitufe yenye tochi. Wakenya wanaiita mulika mwizi.

Unaona mpangilio? Pale palipokuwa na kazi ya zamani inayofanana, neno la zamani lilipewa kazi mpya. Pasipokuwa nayo, neno la Kiingereza lilikuja na bidhaa na kubaki.

Neno la kubuni linashikaje?

Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoanzishwa mwaka 1967, ndilo linalosanifu istilahi nchini Tanzania. Si kila neno linashika. Nukushi lilikuwa jina zuri la faksi, lakini mashine yenyewe imepotea maofisini na jina limeenda nayo.

Kishikwambi ni kisa tofauti. Wengi walilitania. Kisha ikaja Sensa ya 23 Agosti 2022, makarani wakapita nyumba hadi nyumba wakiwa na vishikwambi mkononi, na baadaye walimu wakagawiwa. Kitu na neno vilifika mlangoni pamoja, kama bidhaa za msafara.

Kwa nini hili linakuhusu

Tafsiri ya neno la simu inaweza kulinda akiba yako.

PIN ni herufi tatu zisizomwambia kitu mtu asiyejua Kiingereza. Namba ya siri inajieleza: hii ni siri, usimpe mtu. Bibi aliyeko kijijini Sikonge anaelewa onyo hilo bila kuhudhuria semina.

Sasa angalia OTP, ile namba inayokuja kwa meseji ili kuthibitisha kwamba ni wewe. Bado haijapata jina linalojulikana na wote. Tapeli anapiga simu na kusema, "nisomee tu zile namba sita zilizoingia kwako", na mtu anazisoma, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba nazo ni siri. Hivyo ndivyo akaunti za WhatsApp zinavyotekwa.

Hadi neno hilo lipatikane, kumbuka hivi: namba yoyote inayoingia kwa meseji ya kuthibitisha, nayo ni namba ya siri. Usimsomee mtu. Na ukipata ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", usitume.