Steringi Hafi: Kutoka Shahenshah hadi Supa Modo

Mtoto aliyekulia Gitothua, pale Ruiru, alimjua steringi, shujaa wa filamu, kabla ya kujua jina la mwigizaji. Steringi hafi. Apigwe, afungwe kamba, atupwe mtoni, atarudi tu. Kilichobishaniwa njiani kurudi nyumbani ni namna tu alivyorudi.

Kabla ya video palikuwa na karatasi. Miaka ya 1960, jarida la African Film la kampuni ya Drum lilisomwa Kenya, Nigeria na Ghana kwa ajili ya Lance Spearman, mpelelezi mweusi wa hadithi za picha, mwenye kofia ya Panama na sigara nene mdomoni. Spearman aliwatandika wahalifu sawasawa, ila hakuwahi kujiuliza kwa nini. Alizaliwa akiwa tayari.

Steringi wa sinema hufunzwa kazi na jeraha. Katika Death Wish ya 1974, Charles Bronson ni msanifu majengo wa New York anayeshika bastola baada ya mkewe kuuawa. Hata hivyo, anayeeleweka zaidi kwetu ni wa India: Shahenshah, filamu ya 1988. Amitabh Bachchan ni Inspekta Vijay, polisi anayetafuna tambuu na kujifanya mla rushwa mchana kutwa. Usiku ukiingia anatoka na koti jeusi, mkono mmoja umevikwa chuma, kuwasaka wakubwa wasioguswa na sheria. Baba yake, ofisa mwadilifu wa polisi, alisingiziwa hongo akajinyonga. Kwa hiyo ule uoza wa mchana ni vazi. Mtu mwenyewe ni yule wa usiku. Mkenya aliyewahi kuombwa kitu kidogo barabarani hahitaji kufafanuliwa hadithi hiyo.

Lugha ndiyo iliyohitaji fundi. Uganda wana mavijei, wasimulizi wao wa filamu, Tanzania ilikuwa na Lufufu, na Kenya ikampata DJ Afro, anayesimulia filamu za Kihindi na za Kichina kwa Kiswahili cha mtaani. Sauti yake hutangulia ngumi. Humsuta adui, humhimiza steringi, humtilia maneno ambayo mwandishi wa Bombay hakuyawaza. Huo ni utunzi kamili, na unastahili kuhesabiwa katika fasihi simulizi yetu.

Lakini kuna jambo la kuogopa hapa. Steringi humjua mkosaji kwa sababu kamera ilituonyesha kosa likitendeka. Umati unaokimbilia kelele ya “mwizi!” mtaani haujaona kitu, na aliyeangukiwa na mawe yake hana sehemu ya pili ya filamu.

Pengine ndiyo maana shujaa mkuu wa Kenya hadi sasa hakuhitaji kumwua mtu. Supa Modo, filamu ya Likarion Wainaina iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018, inamhusu Jo, msichana wa miaka 9 ambaye madaktari hawana tena la kumfanyia. Anarudishwa nyumbani na ndoto zake za mashujaa. Dada yake, Mwix, anakishawishi kijiji kizima kimfanye aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Katikati ya mechi ya soka, Jo anaamuru na wachezaji wanaganda. Baadaye majirani haohao wanashona mavazi, wanashika kamera, na wanatengeneza filamu ambayo steringi wake ni Jo.