Steringi Aliyefyatua Kwanza: Historia ya Nakala za Filamu, Kutoka Hollywood Hadi Ngara na Biharamulo

Mwenye kutaka kujua filamu zilifikaje Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, aanze na barabara. Ile inayotoka Isaka hupita Nyakanazi na Lusahunga, ikakata Nyakahura hadi Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kitaliano iliyopiga kambi hapo ikijenga barabara. Mbele ya Benaco safari ni mbili: ya Rusumo kuingia Rwanda, na ya Kabanga kuingia Burundi. Kwa njia hiyo zilikuja kaseti za VHS, zikafuata VCD, zikafuata DVD. Nyingi hazikuwa filamu kama zilivyotoka kwa waliozitengeneza. Zilikuwa nakala ya nakala, nyingine zimekatwa mwanzo na mwisho, na juu yake ilipandishwa sauti ya mtu ambaye jina lake halimo katika orodha ya waigizaji: mtafsiri.

Swali la nakala ipi ndiyo halisi limewagawa wapenzi wa filamu duniani kwa karibu miaka 30, na filamu iliyozusha ugomvi mkubwa kuliko zote ni Star Wars ya George Lucas, iliyotoka Mei 1977. Ilipoonyeshwa tena mwaka 1981, maandishi yake ya mwanzo yaliongezewa kichwa kinachoitaja kuwa sehemu ya nne. Wachache walijali. Kishindo kilikuja mwaka 1997, Lucas alipotoa Toleo Maalumu: aliongeza viumbe na majengo yaliyochorwa kwa kompyuta, akarudisha tukio la jambazi Jabba lililokuwa limeachwa nje, kisha akagusa kisa cha baa.

Kisa chenyewe ni hiki. Steringi Han Solo ameketi mezani na Greedo, mwindaji aliyetumwa kumkamata. Wanazungumza. Mkono wa Solo unachomoa bastola polepole chini ya meza, unafyatua, Greedo anaanguka kifudifudi. Solo anainuka, anamrushia mwenye baa sarafu, anaondoka. Katika toleo la 1997 Greedo anafyatua kwanza, anamkosa mtu aliye upande wa pili wa meza ileile, ndipo Solo anajibu. DVD ya 2004 ilizisogeza risasi mbili hizo hadi zikakaribia kulia pamoja. Toleo la mtandaoni la 2019 likamtia Greedo mdomoni neno moja lisilotafsiriwa, kisha anakufa.

Mtazamaji aliyekulia kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, anaelewa haraka kwa nini watu waligombana. Steringi anayeua mapema kwa ujanja ili aokoke si yule anayesubiri apigwe kwanza. Solo anaanza kama mtu wa fedha na nafsi yake tu, halafu anarudi vitani kuwasaidia wenzake. Ukimsafisha mapema, safari yake yote inapungua uzito.

Lucas alijitetea kwamba mwaka 1977 fedha na mitambo havikumruhusu kutengeneza alichokiona kichwani. Haki hiyo naikubali, na ufundi wa mwaka 1997 una sehemu zake nzuri. Kinachoniuma ni kwamba vipande vipya viliunganishwa kwenye negativu yenyewe ya filamu, na toleo la awali likaondolewa sokoni. Mwaka 1988 Lucas huyohuyo alisimama mbele ya Bunge la Marekani kuzitetea filamu za zamani zisiharibiwe na makampuni yaliyozimiliki, wakati filamu za rangi nyeusi na nyeupe zilipokuwa zikipakwa rangi. Mwaka uliofuata, Star Wars iliingia katika filamu 25 za kwanza zilizoorodheshwa na Maktaba ya Bunge la Marekani kuwa urithi wa taifa. Toleo la asili lilirudi madukani mwaka 2006 tu, kama nyongeza ndani ya DVD, likiwa limenakiliwa kutoka diski za leza za mwaka 1993 na picha yake hafifu. Wapenzi wakaamua kujitegemea: walitafuta mikanda ya sinema ya milimita 35 iliyosalia, wakaiskani fremu kwa fremu. Juni 2025 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilionyesha jijini London mkanda wa mwaka 1977, na tiketi zikagombewa.

Kwetu mambo yamekwenda kinyume. Filamu ya asili ipo, imetunzwa huko ilikotoka. Inayopotea ni ile iliyobadilishwa.

Kubadilisha sauti huku picha ikibaki ileile ni jambo la zamani Tanzania. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa serikali ya kikoloni na wamisionari uliokuwa na makao Vugiri, milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika wa Tanganyika, Kenya na Uganda. Meja Notcutt wa mradi huo na wenzake waliiweka sauti kwenye sahani za santuri, mbali na mkanda wa picha, ili filamu moja iweze kusemeshwa lugha tofauti kila lori la maonyesho lilipofika kwa watu wengine. Wenye mradi ndio waliochagua maneno. Hilo ndilo lililogeuka baadaye, watu wa kawaida walipokamata kipaza sauti.

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Hata hivyo, tangu serikali ilipolegeza masharti ya uagizaji bidhaa mwaka 1984, deki za video zilikuwa zimeanza kuingia. Kuna nyumba zilizokuwa na televisheni na deki kabla ya kuwapo kituo cha kurusha matangazo. Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafsiri walianza kusimulia filamu kwa Kiganda mbele ya watazamaji. Tanzania ikampata Kapteni Derek Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu, na baada yake wakaja kina DJ Mark. Kenya wanaye DJ Afro. Rwanda, filamu za namna hii huitwa agasobanuye.

Hapo ndipo Ngara inapokuwa mahali pa pekee. Kihangaza na Kishubi, lugha za wenyeji wa hapa, ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Kwa hiyo mtu wa Rulenge au Kabanga anaweza kufuata agasobanuye ya Kigali bila kusaidiwa. Kiswahili cha Lufufu anakielewa kwa sababu ni lugha ya shule na soko. Nakala za Kiganda za Kampala nazo ziko jirani, upande wa kaskazini mwa mkoa huohuo wa Kagera. Filamu moja ya Schwarzenegger, tuseme Terminator ya 1984, inaweza kumfikia mtu huyu ikiwa na wasimulizi watatu, kila mmoja na filamu yake.

Kibanda chenyewe wengi wetu tunakikumbuka. Kuta za mabanzi au za matope, bati juu, turubai jeusi dirishani, mabenchi yasiyo na egemeo. Televisheni imewekwa kwenye kabati la mbao lenye kufuli, na nyuma ya ukuta jenereta inanguruma. Nje kuna ubao wa chaki: majina ya filamu za leo, saa ya kuanza, na pembeni neno moja lenye uzito kuliko jina la mwigizaji yeyote, "imetafsiriwa".

Ndani, mtafsiri hushusha sauti ya filamu anapozungumza na kuipandisha mlipuko unapokuja. Hafuati maneno ya waigizaji tu. Mtu akikaa kimya akitazama dirishani, mtafsiri humpa mawazo. Humbatiza adui jina la mtaani, hugeuza dola kuwa shilingi, huonya kwamba huyu rafiki ni msaliti kabla steringi hajajua. Katikati ya mapigano hutangaza laibrari inayouza kaseti yake. Roboti aliyetumwa kutoka miaka ijayo ili amuue mama wa mtoto ambaye hajazaliwa ni kisa kigumu kukieleza. Mtafsiri alikieleza papo hapo, bila kusimamisha mkanda, na watu wakatoka wakikisimulia njia nzima. Huo ni uandishi, na ninaupa heshima ya uandishi.

Uandishi huo haukuwa na mlinzi. Nakala zilitengenezwa bila kibali cha wenye filamu, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 haikuacha nafasi ya kuzitambua. Stempu za kodi zilizoanza mwaka 2013 kwa kazi za filamu na muziki ziliwabana zaidi wauzaji wa diski. Wenye haki walikuwa na madai ya kweli, wakiwamo wasanii wa Tanzania ambao kazi zao ziliibwa kwa mitambo hiyohiyo. Lakini kwa kuwa nakala iliyotafsiriwa ilikuwa kitu cha magendo, hakuna taasisi iliyoona wajibu wa kuitunza. Mtafsiri naye mara nyingi hakubaki na kaseti mama. Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki za VHS mwaka 2016. Mkanda uliokaa stoo hushika ukungu, DVD za kuchoma hufifia, na vijana sasa huwekewa filamu kwenye flashi, ambayo wiki ijayo itafutwa ili ziingie nyingine.

Kazi ya kuziokoa nakala zilizotafsiriwa inaweza kuanzia huku huku. Ngara ina Redio Kwizera tangu mwaka 1995, ilipoanzishwa na Wajesuti kwa ajili ya wakimbizi, na mafundi wa sauti wapo. Wenye laibrari za zamani Biharamulo, Nyakanazi na Ngara mjini wanaweza kuulizwa wamebakiza nini. Inatakiwa deki moja inayofanya kazi, kichwa chake kisafishwe baada ya kila mkanda wenye ukungu, na kompyuta ya kupokea picha na sauti. Kila nakala iandikwe jina la mtafsiri, lugha, jina la asili la filamu na mji ilikonunuliwa. Zitunzwe kwa utafiti, si kwa kuuzwa, na makubaliano na wasimamizi wa hakimiliki yafanywe mapema. Pembeni yake liwekwe toleo la asili la filamu hiyohiyo, ili msikilizaji ajue mtafsiri aliongeza nini, na wapi.