Mirathi Isiyogawanyika

Wachimbaji walioanza kumiminika huku kwetu Chunya miaka ya 1920 walifuata dhahabu ya Lupa iliyofichika ardhini. Mimi huvutiwa zaidi na hazina iliyofichika katika ukoo. Shaaban Robert aliiweka nchi ya Kusadikika angani, mwaka 1951. Mwaka 1977 C. G. Mung'ong'o, katika Mirathi ya Hatari, akayashusha maajabu hadi nyumbani: kijana Gusto anarithishwa uchawi na babaye. Neno mirathi, tulilolitwaa katika Kiarabu, tumezoea kulisikia penye shamba, ng'ombe na ugomvi wa ndugu. Mwandishi akalitwika kitu kisichogawanyika wala kuuzwa. Shamba mrithi aweza kulikataa mbele ya wazee. Uchawi wa baba ataukataa mbele ya nani?