Maporomoko ya theluji katika Alpi: hatari iliyo nje ya njia zinazolindwa

Kila mwaka watu wapatao 100 hupoteza maisha kwa maporomoko ya theluji katika milima ya Alpi. Wengi wao si wanavijiji waliofukiwa majumbani mwao, bali ni watelezaji wa skii na wapanda milima waliotoka kwa hiari nje ya njia zinazokaguliwa. Katika ajali takriban tisa kati ya kumi za namna hiyo, poromoko huanzishwa na uzito wa mhanga mwenyewe au wa mwenzake.

Yapo pia maafa yanayowafuata watu nyumbani. Tarehe 23 Februari 1999, baada ya theluji kuanguka kwa wiki kadhaa na barabara kufungwa, poromoko kubwa lilikishukia kijiji cha Galtür, magharibi mwa Austria, na kuua watu 31. Siku iliyofuata wengine 7 walikufa Valzur, jirani na hapo. Baadhi ya nyumba zilizobomolewa zilikuwa katika eneo lililohesabiwa kuwa salama. Tangu hapo ramani za hatari zimechorwa upya na kuta za kinga zimejengwa, lakini kinga hizo huishia vijijini na kwenye barabara kuu. Huko juu msafiri hana ukuta.

Aliyezoea habari za maporomoko ya udongo, yanayokuja na mvua kubwa, huenda akashangaa kwamba haya hutokea hata siku ya jua, anga likiwa halina wingu. Sababu imefichika chini. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Baridi kali ya muda mrefu hugeuza chembe za chini kuwa punje zisizoshikana, mithili ya sukari. Kisha upepo huleta juu yake theluji iliyogandamana, na hapo hupatikana bamba zito lililokaa juu ya msingi legevu. Mtu mmoja akipita, msingi huvunjika na ufa husambaa kufumba na kufumbua. Mabamba hayo huteleza hasa kwenye miteremko iliyozidi nyuzi 30. Anayetembea bondeni penye tambarare naye hayuko salama ikiwa mteremko mkali umemwinamia.

Taasisi za maporomoko, ikiwamo ile ya Uswisi iliyoko Davos, hutoa taarifa ya hatari kila siku wakati wa baridi kali. Taarifa hizo hazitolewi kwa Kiswahili, lakini ngazi zake ni namba tu, kuanzia 1 hadi 5, na nchi zote za Alpi hutumia namba hizohizo. Wengi hukosea kuisoma namba 3: kwa kuwa imekaa katikati, huidhani hatari ya wastani. Kwa kweli ngazi hiyo maana yake ni kwamba mtu mmoja aweza kuangusha bamba, na ndiyo inayoua watu wengi zaidi, kwa sababu zikifika 4 na 5 watu hubaki nyumbani.

Mlima nao hutoa ishara zake: mabaki ya poromoko la karibuni, nyufa zinazokimbia mbele ya miguu, mlio mzito wa theluji kudidimia, joto la ghafla. Mwenye kuona mojawapo na arudi. Mteremko wenye shaka usipoepukika, huvukwa na mtu mmoja mmoja, wengine wakingoja mahali palipo salama.

Aliyefukiwa hufa zaidi kwa kukosa hewa. Akitolewa ndani ya dakika 10 hivi, uwezekano wa kupona ni mkubwa sana. Nusu saa ikipita, wanaosalimika ni wachache. Ndiyo maana waokoaji wa kweli ni wenzake waliopo hapo hapo, si helikopta. Kila mmoja sharti avae kifaa cha redio cha kutafutana, kikiwa kimewashwa tangu mwanzo wa safari, na abebe ufito mrefu wa kuchomea theluji pamoja na koleo. Kuwa na koleo moja kwa kundi zima hakufai, kwani huenda aliyelibeba ndiye aliyefukiwa, na theluji ya poromoko ikitulia huwa ngumu, haichimbiki kwa mikono.

Namba ya dharura kote Ulaya ni 112. Nchini Austria waokoaji wa milimani hupatikana pia kwa 140, na Uswisi helikopta za uokoaji huitwa kwa 1414.