Divai ya Peirce: Pragmatizimu na Imani ya Kikristo

Januari 1878, jarida la Marekani liitwalo Popular Science Monthly lilichapa makala ya mwanafalsafa Charles Sanders Peirce kuhusu jinsi ya kuyaweka mawazo yetu wazi. Jina pragmatizimu halimo humo, lakini falsafa hiyo chimbuko lake ni hapo: ukitaka kujua maana ya wazo, angalia matokeo yake katika maisha. Almasi ni ngumu, maana yake haikwaruziki na vitu vingi. Kabla ya kufika kwenye almasi, hata hivyo, Peirce aliigusa Meza ya Bwana. Wakatoliki na Waprotestanti, alisema, hawana cha kugombania kuhusu mkate na divai iwapo wanakubaliana juu ya matokeo yake yote. Na kudai kwamba kitu chenye kila sifa ya divai kwa hakika ni damu, kwake yalikuwa maneno matupu. Anayeona kwamba falsafa hii na Ukristo havipatani ana ushahidi tangu mwanzo kabisa.

Ushahidi huo hauniridhishi, kwa sababu Peirce alipunja kipimo chake mwenyewe. Alihesabu ladha na rangi, akausahau mwenendo. Mkatoliki huihifadhi Ekaristi katika tabenakulo na kupiga goti mbele yake. Waprotestanti wengi hawauabudu mkate uliobaki. Tofauti ya imani imezaa tofauti ya matendo, kwa hiyo ina maana kwa kanuni ileile iliyotumika kuikana. La muhimu zaidi, katika makala hiyohiyo Peirce alishikilia kwamba kitu halisi hubaki kama kilivyo, watu wakifikiri hivi au vile. Hapo Mkristo ana mahali pa kusimama. Mwaka 1908 Peirce mwenyewe aliandika katika Hibbert Journal kutetea uhalisi wa Mungu, akiichukulia imani hiyo kuwa dhana inayojaribiwa kwa nguvu yake ya kuongoza maisha. Waraka wa Yakobo nao unaipima imani kwa matendo.

Mgogoro wa kweli ulikuja na mwanafalsafa mwenzake William James, aliyelitangaza jina la pragmatizimu hadharani huko California mwaka 1898 na kumpa Peirce sifa ya uasisi. James aliipenda dini kwa dhati na kuitetea mbele ya wasomi walioidharau. Lakini katika kitabu chake cha 1907 alifikia kusema kwamba dhana ya Mungu, ikifanya kazi vizuri kwa mapana yake yote, ni ya kweli. Ufufuko hauwezi kubebwa na hoja hiyo. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yao ni bure. Hakuwaambia watulie kwa kuwa wazo lenyewe linafariji. Julai 1907 hati ya Kanisa Katoliki la Roma iitwayo Lamentabili ilikataa kauli kwamba mafundisho ya imani yashikwe kama kanuni za mwenendo tu. Miaka miwili kabla yake mwanafalsafa Mkatoliki Édouard Le Roy alikuwa ameuchochea mjadala huo Ufaransa. Katika hili naona Roma ilikuwa sahihi. Peirce naye hakuridhika na jinsi wazo lake lilivyotumiwa: mwaka 1905 aliipa falsafa yake jina jipya, baya kiasi cha kutotamaniwa na mwizi yeyote.

Wapo watakaosema njia hii huishia kwa mwanapragmatizimu John Dewey, ambaye katika A Common Faith ya 1934 aliibakiza hali ya kidini na kumwondoa Mungu aliye nje ya maumbile. Lakini Dewey aliingia na msimamo kwamba maumbile ndiyo yote yaliyopo. Kanuni ya Peirce haikumlazimisha. Pingamizi zito zaidi ni hili: Peirce alifundisha kwamba imani yetu yoyote yaweza kuwa na kosa, na muumini anataka uhakika. Ni kweli, ila tangu 1868 alikataa pia shaka ya kujifanyiza, ile ya kukitilia shaka vitabuni usichokitilia shaka moyoni. Kukubali kwamba akili yangu yaweza kukosea si sawa na kuacha kuamini, na kanisa linalofundisha unyenyekevu mbele ya Mungu halina sababu ya kuliogopa hilo.